Kivuli cha Oyunbileg

Jumatatu ya kwanza ya Februari, saa mbili kasoro asubuhi, Annegret Lohse alikuwa ofisini kwake, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Hohenerz, akila mkate mweusi uliopakwa jibini laini huku akiandika wasifu wa chuo. Mkuu wa utawala aliutaka kabla ujumbe wa wizara haujafika Alhamisi. Annegret alikwisha kueleza kwamba chuo kilianza kama shule ya wachimba migodi, kwamba ni cha umma, kwamba ni kidogo kiasi kwamba profesa na mwanafunzi hukutana kwenye foleni ya supu. Sasa alikuwa amekwama kwenye idadi ya wanafunzi wa kigeni. Akampigia simu fundi wa maabara ya chini, Detlef Hänig.

"Detlef, Oyunbileg nimhesabu au nisimhesabu?"

"Mwenyewe yuko kwao Mongolia," Detlef akasema. "Kivuli chake kiko hapa. Kimeingia kazini saa moja na nusu kama kawaida. Wenzake wenye miili bado wanapiga miswaki."

"Sasa niandike nini?"

"Waulize hao wenzako wa ghorofani. Mimi naosha chupa tu."

Annegret akauliza. Mkuu wa utawala alifikiri kidogo, akasema kivuli kihesabiwe, maana kinahudhuria, ila kisiingizwe kwenye bima ya afya.

Kilikuwa kimebaki tangu Oktoba. Siku Oyunbileg alipoondoka, aliburuta mabegi yake mawili hadi kituo cha basi katika mvua, na Detlef akashuka maabara kwenda kufunga mitungi aliyoiacha. Alikikuta kivuli ukutani, nywele kimezifunga kisogoni, kinamimina kutoka kivuli cha chupa kwenda kivuli cha chupa nyingine. Mezani, chini ya ukuta, maji ya kweli yalikuwa yakihama vilevile. Detlef alikiletea kiti. Baadaye alitafakari, akakirudisha kiti mahali pake.

Oyunbileg alikuwa amegundua namna ya kutenga madini adimu kutoka kwenye vifusi vya migodi ya zamani kwa kutumia bakteria. Vifusi hivyo vimeuzunguka mji mzima, na kwa miaka mia mbili hakuna aliyejua vifanywe nini zaidi ya kuteleza juu yake wakati wa theluji. Ilikuwa imebaki miezi sita amalize shahada yake ya udaktari. Ili aongezewe ruhusa ya kukaa nchini, ofisi ya uhamiaji ilihitaji barua ya chuo, na barua hizo zilikuwa kazi ya Annegret. Msichana yule alileta nyaraka zake wiki tano kabla ya tarehe, katika jalada la buluu, pamoja na kikopo cha vipande vya maziwa makavu ambavyo mama yake alivianika juu ya paa.

"Ngoja kwanza, Bi Lohse," Profesa Seidelmann, msimamizi wa Oyunbileg, alimwambia Annegret wakati huo. "Makala yangu ikishatoka ndipo tupeleke barua. Hakuna haraka."

Annegret aliliweka jalada kwenye mtoto wa meza. Tarehe ikapita. Ofisi ya uhamiaji ilipouliza kulikoni, aliandika kwamba mwanafunzi alichelewa kuleta nyaraka, akatia sahihi. Wiki ile ile alivila vile vipande vya maziwa, kimoja kimoja, mpaka kikopo kikaisha. Vilikuwa vikali na vitamu kidogo.

Jumatatu hiyo, kabla ya chakula cha mchana, simu ikalia. Alikuwa Oyunbileg, kutoka Ulan Bator.

"Shikamoo, Bi Lohse. Samahani kukusumbua kazini."

"Marahaba, mwanangu. U mzima?"

"Mzima. Nauza kahawa kwenye duka la binamu yangu. Ila sina kivuli, na hapa kuna jua kali hata kwenye baridi. Wateja wanaona. Bibi mmoja hataki kupokea chenji mkononi mwangu." Akacheka kidogo. "Makala ya Profesa imetoka?"

"Imetoka."

"Jina langu liko la ngapi?"

Annegret alitazama nje, ambako mtu wa bustani alikuwa akikwangua barafu kwenye ngazi. "Profesa amewashukuru wasaidizi wote," akasema.

"Basi naomba kitu kimoja tu," Oyunbileg akasema. " Nyanya yangu anasema kivuli kikikosa mwanga siku tatu mfululizo, kinarudi kwa mwenyewe. Maabara haina madirisha. Unaweza kuwaomba wasiwashe taa siku tatu?"

"Naweza," Annegret akasema, na alipoyasema hayo alikuwa akimaanisha.

Detlef hakubisha. Alizima taa saa ile ile ya mchana, akaning'iniza mlangoni kibao cha matengenezo. "Wiki hii nitaosha chupa za ghorofa ya pili," akasema. "Kama kuna mtu ana macho, atauona uchafu wa huko."

Jumanne jioni walifungua mlango kidogo, wakaangaza kwa tochi, mara moja tu. Kivuli kilikuwa kimefifia kama chai iliyoongezwa maji. Jumatano kilikuwa kimebaki kuanzia kiunoni kwenda juu, na kilikuwa kimeuegemea ukuta wa mashariki, mikono imeshuka, hakifanyi kazi. Annegret alisimama pale akijihisi mwepesi, jambo ambalo hakulihisi tangu Septemba. Akarudi ofisini akapunguza mwanafunzi mmoja kwenye wasifu.

Alhamisi saa nne ujumbe wa wizara ukafika: watu wanne wenye makoti mazuri. Profesa Seidelmann aliwaongoza hadi chini, akakuta kibao.

"Matengenezo ya nini?" akauliza.

Detlef akasema hajui, yeye ameletewa kibao tu. Profesa akafungua mlango. Kulikuwa na giza. Akamgeukia Annegret, aliyekuwa nyuma kabisa amekumbatia nakala za wasifu, wala hakupandisha sauti.

"Bi Lohse, tafadhali. Swichi iko upande wako."

Ilikuwa upande wake kweli. Zilikuwa zimebaki saa mbili siku ya tatu itimie. Angeweza kusema taa zimeharibika. Angeweza kusema mengine pia, kuhusu jalada la buluu, na watu wanne wa wizara wangemsikia, kwa kuwa korido ni nyembamba. Detlef alikuwa akimtazama. Annegret alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu.

Akabonyeza.

Kilikuwa kimebaki mabega na kichwa. Kikajaa taratibu, kifua, kiuno, miguu, mpaka visigino, kikanyoosha mkono na kushika kivuli cha chupa. Mama mmoja wa wizara akasema haya ndiyo mazingira ya kimataifa wanayoyazungumzia kila siku. Akauliza kama kivuli hicho kinachukua likizo. Profesa akasema hakijawahi kuomba. Wakapiga picha, kisha wakapanda kwenda kunywa supu ya njegere. Detlef alipita mbele ya Annegret akiwa na ndoo yake, akaenda kuosha chupa.

Siku hiyo mchana wasifu ulipelekwa kiwandani kuchapwa, picha ikiwa ukurasa wa tatu, mwanafunzi mmoja akiwa amerudishwa kwenye hesabu.

Ijumaa simu ikalia tena.

"Bi Lohse," Oyunbileg akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Jumatano niliona miguu yangu! Kwenye theluji mbele ya duka, miguu, mpaka kiunoni. Nilimwita mama aje aone. Halafu jana ikapotea. Kuna shida imetokea huko?"

"Umeme," Annegret akasema. "Umeme ulitusumbua."

"Ah. Poleni sana," Oyunbileg akasema. "Najua mlijitahidi."

"Asante," akajibu Annegret.