Mdundo wa Dakika ya Tatu

Jumatatu saa nne asubuhi, mtunza santuri wa redio alipangusa santuri ya jazi kwa kipande cha fulana kuukuu, akaiweka kwenye mashine, kisha akasogeza kiti chake pembeni. Mtangazaji, kijana mwenye sauti nzito na masikio mazito zaidi, hakusogeza chake. Ilipofika dakika ya tatu, kwenye ule mdundo maarufu, spika ilitema meno manne. Matatu yaligonga ukuta. La nne lilimpasua mtangazaji chini ya jicho.

"Nilikwambia ukae huku," alisema mtunza santuri.

"Nilidhani ni dakika ya nne, dada."

Alimpa ile fulana ajifutie damu, akaokota meno, akayatia kwenye chupa ya jamu iliyokwisha kujaa hadi shingoni.

Santuri hiyo ilikuwa ichapishwe upya. Fomu ya kampuni ilitaka majina ya wapigaji wote kabla ya Ijumaa, na jalada la zamani lilikuwa na jina moja tu, la kiongozi wa bendi, ambaye siku hizi mji mzima humwita Mkubwa, naye huitika. Mtunza santuri alikuwa amewaandikia barua wanamuziki wazee, makumbusho, hata polisi. Wote walijibu kwamba hao wengine hawajulikani. Jumanne akabeba chupa yake hadi kwa fundi wa meno ya bandia.

Fundi huyo alikuwa mzee asiyetupa kitu. Rafu zake zilijaa vinywa vya plasta, kila kimoja cha mteja wake, miaka arobaini ya watu waliokaa kimya. Aliyamwaga meno mezani na kuyachambua kama maharage.

"Mwanangu, haya si meno sitini. Ni manne, mara kumi na tano. Ya mbele, ya juu. Na hayakung'olewa na daktari, yametoka na nyama."

Alipanda ngazi, akashusha kinywa chenye pengo, akalijaza. Yaliingia kama ufunguo kwenye kitasa chake.

"Huyu nilimtengenezea ya bandia, ila sijawahi kumwona nayo. Ananoa visu nyuma ya machinjio."

Mnoa visu alikuwa akizungusha jiwe kwa mguu. Aliitazama chupa, akaendelea kunoa.

"Bado yanatoka?"

"Kila tukiipiga, baba."

"Makaidi. Yamemrithi mama yangu."

Alisimulia bila kusimamisha jiwe. Wimbo aliutunga yeye, na tarumbeta ni yake. Siku ya kurekodi aliona karatasi ya lebo ina jina moja, na alipopumzisha mdomo katikati ya wimbo akauliza kwa nini. Mkubwa alimjibu kwa chuma cha kusimamishia maikrofoni, mdomoni. Mpiga besi alipokwenda kuamua ugomvi alivunjwa mkono, naye akamalizia kwa ule mwingine. Utepe wa kurekodia haukuzimwa kwa sababu ulikuwa wa mwisho.

"Watu wanausifu sana ule mdundo," alisema mtunza santuri. "Wanasema mpiga dramu alikuwa na mkono wa ajabu."

"Mpiga dramu saa hiyo alikuwa chini ya piano."

"Na tarumbeta inayofuata?"

"Ni mimi. Nilimaliza na damu mdomoni. Sikutaka wimbo wangu ufie njiani." Akajaribu makali ya kisu kwa kidole gumba. "Andika majina, binti yangu. Langu na ya wale wawili. Wao wamekwisha kufa na mimi nipo njiani. Sitaki kingine."

Aliyataja, naye akayaandika kwenye fomu kwa wino.

Alhamisi Mkubwa alikuja redioni kuitia fomu sahihi. Mnoa visu alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi la pembeni, amevaa yale meno ya bandia kwa mara ya kwanza, kwa heshima ya shughuli.

"Shikamoo, Mkubwa. Usikae hapo," alisema mtunza santuri.

"Marahaba. Nitakaa nipendapo. Wekeni wimbo wangu."

Dakika ya tatu, jino lilimchana paji la uso. Aliliokota, akaligeuzageuza.

"Kumbe bado yapo," alisema, akaendelea kusoma fomu huku damu ikimdondokea kwenye tai. Alipofika kwenye majina, alisoma mara mbili. "Nani kamtajia huyu dada mambo haya?"

"Mimi," alisema mnoa visu, akasimama.

Bakora ya Mkubwa ilimpata mdomoni. Meno ya bandia yalivunjika vipande viwili, mdomo ukapasuka hadi chini ya pua. Santuri ilikuwa bado inazunguka, na hapo hapo, dakika ya tano, ukasikika mdundo wa pili, safi, usiotangulia wala kuchelewa.

"Umeingia vizuri," alisema mtangazaji, aliyekuwa na plasta chini ya jicho.

Mkubwa alikata majina matatu kwa mstari mmoja, akatia sahihi, akaomba chai. Mtunza santuri hakumpa. Alimshindilia mnoa visu fulana mdomoni kuzuia damu, akachukua fomu nyingine, akayaandika majina upya na kuipeleka mwenyewe kwa miguu. Kampuni ilimjibu kwa adabu kwamba picha ya Mkubwa imekula nafasi yote ya jalada.

Toleo jipya lilipendwa kuliko la zamani. Wachambuzi waliushangilia mdundo wa pili, wakasema haiwezekani masikio yao yaliukosa miaka yote ile. Kila nakala ilitema meno manne dakika ya tatu na vipande viwili vya meno ya bandia dakika ya tano. Wanunuzi wachache walilalamika kuhusu vioo vya madirisha, na kampuni ikapata nafasi ya kuongeza mstari nyuma ya jalada.

Mnoa visu, mwenye nyuzi saba mdomoni, alikuja redioni kuisikiliza. Walikaa pembeni, wote wawili, hadi mwisho.

"Nisomee hapo chini," alisema. "Wametuandika?"

Mtunza santuri alisogeza jalada kwenye mwanga.

"Wameandika: Fagia baada ya kusikiliza."

Mzee aliinuka, akachukua ufagio.