Kishale Kilichokataa Vidole vya Ethel

"Mikono yenu ni ya kubangua korosho, mama zangu. Si ya kompyuta."

Lameck aliyasema hayo Jumatatu, amesimama mlangoni mwa chumba cha kikundi pale Mkunya, wilayani Newala, kofia ya pikipiki kwapani. Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Ethel. Tusi la kelele unalijibu kwa kelele, yakaisha. Tusi linalotanguliwa na "mama zangu" unalimeza, likakuwasha tumbo wiki nzima.

Huyo Lameck alikuwa mratibu wa mradi uliowapa laptopu wanawake tisa wabanguaji mwaka 2010, miaka ambayo kila mtu aliambiwa soko ni huria, ajitafutie mnunuzi wake. Nao walijitafutia. Badala ya kuuza korosho ghafi kwa yeyote anayepita na mizani yake, walizibangua wenyewe, na Ethel, katibu wao, akawa anaandika barua kwa mahoteli na maduka ya Dar es Salaam na kuzituma kwa modemu. Laptopu ilitumia mfumo endeshi wa Linux, kwa sababu aliyewafundisha alisema haishikwi ovyo na virusi. Ethel aliishia darasa la saba na kwaya ya kanisa, lakini kwa mwaka mzima aliiendesha mashine ile bila kumsumbua mtu.

Kisha Lameck akaja na flashi. "Nimewaletea toleo jipya," alisema, akaketi, akasasisha kila kitu kilichokuwamo. Alipomaliza akapitisha kidole kwenye tachipadi, kile kibao kidogo chini ya herufi kinachosogeza kishale kwenye skrini. Kishale kikateleza vizuri. Akaaga.

Pikipiki ilikuwa haijafika hata barabarani Ethel alipoketi yeye. Alikipeleka kishale kulia; kikatetemeka, kikasimama, kikarukia pembeni na kuifunga barua aliyokuwa akiiandika. Akaifungua upya. Kikachagua aya nzima bila kutumwa, na herufi aliyobonyeza baada ya hapo ikaifuta aya yote. Siku kumi walihangaika. Walipangusa vumbi jekundu. Walichomoa chaja wakajaribu kwa betri peke yake. Lameck aliwaambia kwenye simu wanawe mikono. Wanawe! Kama vile yeye ndiye aliyepanda mlima na ndoo ya maji kichwani. Walinawa kwa sabuni, mara tatu, na kishale kikaruka vilevile.

Ndipo Jumatatu hiyo akaja mwenyewe, akaigusa, ikatulia kama mtoto mbele ya mgeni. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alisema, na baada ya hapo akatoa lile la mikono. "Ijumaa nakuja kuichukua. Ikae ofisini Masasi, kwa wanaoijua. Barua zenu mtaniletea, nitawaandikia mimi."

Alipoondoka, Dominika, ambaye alikuwa mwenyekiti na mtu wa kupenda amani, alishusha pumzi. "Tumwachie tu, mama Danieli. Kugombana na mwenye kitu chake ni kujitafutia balaa."

"Simwachii," Ethel alisema. "Barua zikipita kwake, wanunuzi watakuwa wake. Kesho atatupangia na bei."

"Sasa utafanyaje, na mashine yenyewe inakukataa?"

Ethel aliifungua upya barua iliyofungwa, akaanza tena.

Jibu lilikuja Jumanne, limebeba mtoto mgongoni. Ida, mmoja wa wale tisa, alikuwa amejifungua miezi mitatu nyuma na tangu hapo hakuwa amekanyaga kazini. Alikuja kuwasalimia, akaikuta laptopu imefunguliwa, akaigusa kwa udadisi tu. Kishale kikatembea. Kikazunguka skrini nzima, taratibu, bila kuruka hata mara moja.

"Usiondoke hapo," Ethel alimwambia. Akamshika mkono, akaugeuza, akautazama kiganja.

Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Mbanguaji hujipaka majivu, lakini majivu ni ahadi tu. Mafuta hupenya, ngozi ya vidole hubanduka, huota nyingine, nayo hubanduka, hadi ncha za vidole zinakuwa kavu na ngumu. Vidole vya Ida, baada ya miezi mitatu ya kunyonyesha, vilikuwa vimerudi kuwa laini.

Ethel aliuachia mkono. Alichukua daftari, akawaita wote waguse mmoja mmoja, Dominika wa kwanza. Kikaruka. Wa pili, kikaruka. Wote wanane wanaobangua, yeye mwenyewe akiwamo, kiliwarukia. Akamwita mwalimu Mahmudu aliyekuwa akipita barabarani, kikatulia. Akamwita mpika maandazi wa jirani, aliyelalamika kwamba mafuta yake yanaungua jikoni, kikatulia. Kila jina liliandikwa, na mbele yake: anabangua, habangui, kinaruka, hakiruki.

"Kwa hiyo inatubagua?" aliuliza Dominika, na kwa mara ya kwanza amani ilimtoka usoni.

Jumatano Ethel alipanda basi la kwanza kuteremka Masasi, laptopu imefungwa ndani ya kanga, imepakatwa njia nzima. Karibu na stendi alikuwapo Optatus, fundi wa redio wa siku nyingi, mtu mzima mwenye upara, ambaye redio zilipomkimbia alijifunza kompyuta kwa ukaidi. Walifahamiana tangu kwaya.

Optatus aliijaribu dakika tano. "Nzima hii, mama Danieli. Kama inakusumbua, nunua mausi, uichomeke pembeni."

"Kabla ya hilo toleo jipya nilikuwa natumia mausi?"

"Hapana."

"Basi sinunui mkongojo wakati mguu wangu haujavunjika. Umeigusa wewe. Sasa tazama nikiigusa mimi."

Akagusa. Kishale kikaruka kama kilichomwagiwa maji ya moto. Optatus akavuta kiti. Ethel akamfungulia daftari, naye akasoma majina yote hadi chini, akacheka peke yake, kicheko cha fundi aliyepata ugonjwa anaoujua.

Alifungua dirisha jeusi kwenye skrini, akaandika amri fupi, na nambari zikaanza kushuka. "Hii ndiyo nguvu ya mguso, kama kibao kinavyousikia," alisema. Akaweka kidole chake: sitini, sitini na mbili, sitini na moja. "Weka chako."

Ishirini na nane. Thelathini na moja. Ishirini na nne. Thelathini na mbili.

"Umeona? Kuna programu ndogo inaitwa draiva, kazi yake ni kuiambia mashine kidole kimekuja au kimeondoka. Hii mpya inataka thelathini ndipo ikubali umefika. Ukishuka chini ya ishirini na tano inasema umekwenda zako. Wewe uko palepale kizingitini. Kila sekunde inadhani umeondoka, umerudi, umebonyeza."

"Na ya zamani?"

"Ya zamani haikuwa na makuu."

"Hiyo thelathini waliitoa wapi?"

Optatus aliinua mabega. "Walipima vidole, nadhani. Vyao."

Ethel aliitazama ile nambari. Aliona chumba fulani, hakujua ni cha nchi gani, watu wakigusa vibao kwa vidole visivyowahi kushika ganda, wakiandika nambari, wakitosheka. Hakuwachukia, walikuwa hawamjui. Lakini Lameck alikuwa anamjua. Lameck alikula korosho hizo kila alipowatembelea, wakamfungia na za nyumbani.

"Ishushe," alisema.

Optatus akaishusha: kumi na mbili kwa kufika, nane kwa kuondoka. Ethel akagusa. Kishale kikatembea. Machozi yalimjia, akayapangusa haraka asije akaulizwa. Kisha akamzuia fundi asiifunge. "Irudishe kama ilivyokuwa, halafu niishushe mimi. Na unifundishe kuiandika mahali ambapo haitasahau ikizimwa." Alirudia mara nne, amri yote ikaingia daftarini pamoja na nambari, na aliporudi Newala, Alhamisi yote aliitumia kuwapima wenzake na kuandika nambari ya kila kidole.

Ijumaa Lameck alikuja na mfuko wa kubebea laptopu, na fomu ya makabidhiano kwenye flashi.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," waliitikia wote tisa, Ida akiwa na mtoto wake mgongoni. Hakuna aliyeinuka.

Ethel alikuwa anaandika. Aliimaliza barua mbele yake, kishale kikienda alikokituma, akaihifadhi, ndipo akampisha kiti.

"Vizuri, imepona," Lameck alisema. "Lakini uamuzi ulishapita." Akachomeka flashi, akafungua fomu. Alikuwa hajajaza hata tarehe kishale kiliporuka, kikaifunga. Akaifungua tena, kiganja chake laini kikielea juu ya kibao. Ikafungwa tena. Mara ya tatu kishale kikahamia chini ya ukurasa na kufuta mistari miwili. Jasho lilimtoka. Mtu mmoja nyuma alicheka, na baada ya mmoja hawakuzuilika.

"Mmeifanya nini hii mashine?"

Ethel mwenyewe alikuwa hajalitarajia, akalielewa palepale. "Sasa inasikia hata mguso mdogo, baba. Kiganja chako kikikaribia tu, inadhani umegusa."

"Irudisheni kawaida."

"Kawaida ya nani?"

Lameck aliinua macho. "Mama Danieli, nitampa fundi mwingine aibadilishe. Ni dakika mbili."

"Mpe. Lakini fomu yako ina sehemu ya sababu ya kuichukua. Utaandika nini? Ukiandika hatuijui, nami nitawaandikia waliokutuma." Akaliweka daftari juu ya meza, limefunguka kwenye nambari. "Kabla hujaleta toleo lako tuliitumia mwaka mzima. Ulipolileta, ikawakataa wenyewe wenye mashine, nawe hukuuliza kwa nini, ukatutukana mikono. Anwani yao ninayo. Kuandika barua ndiyo kazi yangu."

Lameck aliyasoma majina. Alisoma na nambari, polepole, hadi ya mwisho. Wanawake walikuwa wameacha kucheka.

Akainuka kitini. "Niandikie wewe," alisema.

Ethel akaketi. "Sema, baba."

"Andika: mashine ibaki Mkunya."

"Imebaki. Sababu?"

"Andika... watumiaji wake wanaijua."

Kidole kilisubiri juu ya herufi. "Wanaijua kuliko nani?"

Lameck alikohoa, akatazama mlango, akatazama mikono ile ya wabanguaji iliyotulia mapajani, imebanduka na kukakamaa.

"Kuliko mratibu," alisema.

Ethel akayaandika hivyohivyo, akamsomea kwa sauti kila mtu asikie, akachomoa flashi na kumkabidhi.