Ufuta Ndani ya Walsi

Meno yangu ya mbele yaliponitoka, tuba nayo, lile tarumbeta kubwa la bendi, ilinitoka. Mtu hapulizi tuba kwa ufizi. Nilijaribu mara moja, na sauti iliyotoka ilimfanya punda wa padre avunje kamba, ashuke bondeni akaoe huko huko. Basi maestra Hermelinda, kiongozi wa bendi yetu ya San Melitón, akaniweka kando baada ya mazoezi na kusema nami kwa upole, ule upole wa mganga aliyeficha sindano mgongoni.

"Don Tiburcio, tuba tumempa mwingine. Wewe chukua ufunguo wa kabati la karatasi za nota."

Nikaupokea kwa mikono miwili. Huku milimani kwetu Oaxaca, asiye mwanabendi huitazama sikukuu kama mbwa anavyotazama bucha. Wanabendi ndio wanaokaribishwa mezani kwanza, wanabendi ndio wanaozikwa kwa muziki wa kueleweka. Nikauning'iniza ufunguo shingoni, pembeni ya medali ya Bikira, na kila aliyeniuliza kazi yangu nilimwambia: mimi ni wa bendi.

Kabati lenyewe lilikuwa makao ya nondo, wale wadudu wala karatasi. Walikuwa wamekula muziki wote wa mazishi na nusu ya ule wa harusi, na ukiwafungulia mlango waliruka kwa mdundo, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu.

Mwaka huo kwenye sikukuu ya mtakatifu wetu tulikuwa tunawapokea bendi ya San Baltazar, kijiji jirani. Wao huja kwetu kupiga, sisi huenda kwao kulipa, ndivyo tangu mababu. Maestra akataka tuwalaki pale mlangoni mwa kijiji kwa walsi, muziki wa dansi wa mapigo matatu, ya marehemu don Crisóforo, mtunzi wao, ambaye mwanawe, don Wilfrido, ndiye anayeongoza bendi yao sasa. Don Wilfrido akatuazima nota zenyewe, mwandiko wa baba yake, karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu. Alizitaka zirudi upesi.

"Una ile skana aliyokutumia mwanao kutoka Los Angeles," maestra akaniambia. "Zipige picha, zichape, uzirudishe. Na unisikilize vizuri, don Tiburcio. Nikisikia nota moja ya uongo mbele ya watu wa San Baltazar, ufunguo huo unarudi kwangu. Watatucheka mpaka wajukuu."

"Maestra! Mimi na uongo?"

Bendi nzima ikashikwa na kikohozi.

Kompyuta yangu ilikaa jikoni, maana ukuta wa jikoni ndio wenye soketi isiyopiga watu shoti. Nikaitoa skana kwenye boksi, nikaiweka kando ya kompyuta, nikachomeka waya. Kijitabu cha maelezo kilikuwa kimeandikwa kwa lugha nyingi, na katika lugha zote kilisema usiogope. Nikabonyeza. Mashine ikakoroma, ikatetemeka, ikalia mlio wa nguruwe anayebishana na kisu. Kuku wetu wakataga wote kwa mpigo, mmoja wao alikuwa jogoo.

"Umeifungua kufuli?" akauliza mke wangu Eufrosina, bila kugeuka. Alikuwa kwenye moto, anakaanga viungo vya mole, mchuzi wetu mweusi wa sikukuu.

"Kufuli gani, mwanamke? Hii ni skana, si zizi."

"Iangalie tumbo."

Nikaipindua. Kweli, chini palikuwa na kitasa kidogo kimechorewa kufuli, cha kuishikilia taa isiyumbe safarini. Nikakizungusha kwa ncha ya uma, mashine ikanyamaza, ikaanza kunguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Tatizo la pili lilikuwa kompyuta. Iliandika kwamba kifaa hiki hakijulikani. Nikaijibu kwa sauti kwamba mimi pia sijatambulishwa kwacho, lakini hilo halinizuii kuishi nacho. Ikabidi niingize diski ya programu iliyokuja na skana, nikubali masharti nisiyoyasoma, nizime, niwashe. Ilipowaka tena ilimsalimia mgeni kwa jina lake kamili.

Nikalaza ukurasa wa kwanza kwenye kioo, uso chini, nikafunika. Kompyuta ikauliza ninataka nukta ngapi kwa inchi. Mimi si bahili, nikachagua nyingi kuliko zote. Maharage yakachemka, yakaiva, yakaliwa, taa bado inatambaa chini ya kifuniko. Picha ilipofunguka, don Crisóforo alikuwa karibu mno: niliona vinyweleo vya karatasi, niliona alipopigia chafya, nikaona nadhani hata mawazo yake kuhusu mama mkwe.

"Punguza," alisema Eufrosina. "Sikukuu itafika uko kwenye mstari wa pili."

Nikapunguza hadi mia tatu, nyeusi na nyeupe. Hapo mambo yakaenda. Nainua kifuniko, nalaza, nafunika, nabonyeza, nahifadhi. Karatasi ya klarineti, ya tarumbeta, ya tromboni, ya tuba, ya ngoma kubwa. Mke wangu nyuma yangu akakaanga ufuta kwenye kikaango cha udongo, ufuta ukirukaruka hewani kama viroboto kwenye blanketi la askari. Jioni nikachapa zote, wino ukaisha kwenye karatasi ya mwisho, nami nikazirudisha zile za asili San Baltazar kwa mkono wangu. Nilikuwa na furaha hata nikamwambia dereva wa lori kwamba walsi ile nimeitunga mwenyewe.

Sasa lazima mwelewe kitu kimoja kuhusu bendi za kwetu. Mtoto hagusi chombo mpaka ajue kusoma nota, anaimba nota mwaka mzima kabla hajapewa hata kijiti. Kwa hiyo mwanabendi wa San Melitón hupiga kilichoandikwa. Karatasi ikimwambia apige chafya, atapiga chafya, na kwa ufunguo sahihi.

Mazoezi yakaanza. Walsi ilikuwa inateleza vizuri, ikafika mahali ambapo wote wananyamaza kidogo, pumziko la kuvuta moyo, na katikati ya ukimya huo tromboni ikalipuka: BUUU!

"Nabor!" maestra akasimamisha kijiti.

Nabor, mpiga tromboni, lile tarumbeta la mrija wa kuvuta, ni kompadre wangu, nilimsimamia mwanawe ubatizo. Mtu mpole, shingo nene, hana makuu. "Imeandikwa, maestra," akasema.

Wakaanza tena. Klarineti ikalia pii mahali pasipohusika. "Imeandikwa, maestra." Ngoma kubwa ikagonga peke yake kama mdai mlangoni. "Imeandikwa." Maestra akashuka, akaziinamia karatasi moja baada ya nyingine. Kweli ilikuwepo kila mahali: nota nyeusi, ya mviringo, imeegemea kidogo upande. Akainua uso taratibu.

"Don Crisóforo alikuwa na mambo yake," akasema kwa sauti ya kanisani.

"Hakuwa mtu wa kawaida," wakakubali wengine.

Wakazifanyia mazoezi zile nota kwa bidii ya kutisha. Mimi nikaenda nyumbani na nakala za ziada, nikazitandaza mezani. Kila karatasi ilikuwa na nota moja ya ajabu. Kila moja mahali pale pale: mstari wa tatu, karibu na ukingo wa kulia. Jasho likanitoka masikioni. Nikainua kifuniko cha skana. Pale, kwenye kona ya kioo, punje ya ufuta iliyokaangwa ilikuwa imekaa, imeganda kwenye tone la mole.

"Eufrosina! Njoo uone ulichofanya!"

Akaja, akainama, akaibandua kwa ukucha, akaila.

"Imekaangika sawasawa," akasema, akarudi kwenye sufuria.

Nikaketi nikashika ufunguo wangu. Karatasi za asili zilikuwa San Baltazar, wino umeisha, duka la wino liko mjini, na barabara ilikuwa imefungwa na maporomoko. Nikalitazama jiko lote kutafuta kitu cheupe. Kikapatikana: chokaa ya kuchemshia mahindi. Nikaikoroga nzito, nikachukua njiti ya kiberiti, nikaenda kwenye kabati la bendi na kuzipaka chokaa nota zote za ufuta, moja moja, nimetoa ulimi nje kama mchoraji wa watakatifu.

Kwenye mazoezi ya mwisho nikawatangazia. "Don Wilfrido ametuma salamu. Anasema baba yake, kabla ya kufa, aliamua zile nota hazifai. Nimezirekebisha."

Wote wakakubali. Nimekuwa mwongo muda mrefu, najua wakati uongo umekaa mahali pake. Lakini Nabor alikuwa anaitazama karatasi yake kama mtu aliyefiwa. Akanifuata nje.

"Kompadre, umeifuta."

"Marehemu ndiye aliyeifuta."

"Maisha yangu yote ninapiga nyuma ya watu. Pu, pu, pu. Mke wangu mwenyewe hajawahi kunisikia, ananiona tu nimevimba mashavu. Ile nota ilikuwa ya kwanza kunikuta niko peke yangu."

"Nabor, nisikilize. Ukiipiga, ufunguo wangu umekwenda. Nitakula sikukuu kwa kuchungulia."

"Imefutika kwenye karatasi," akasema kwa huzuni, akajigonga kifua. "Hapa hakuna chokaa."

Nikajua basi kwamba amejua ni mimi niliyeifuta.

Siku ya sikukuu tulisimama mlangoni mwa kijiji, watu wamejaa mpaka juu ya mapaa, mpiga fataki ameshika fimbo yake ya moto. San Baltazar wakapanda mlima wakiwa na vyombo vyao, don Wilfrido mbele, kofia kifuani. Maestra akainua kijiti. Walsi ikaanza, na kila upepo ulipovuma chokaa ilitoka kwenye karatasi na kuwapaka masharubu, hata bendi nzima ikaonekana imezeeka katikati ya wimbo. Mimi nilisimama pembeni ya Nabor. Nilimkanyaga mguu taratibu kumkumbusha. Akanitazama kwa macho ya ndama.

Pumziko likaja. Ukimya. Hata mbwa walinyamaza.

Nikaona kifua chake kinapanda.

"Kompadre, hapana," nikanong'ona.

BUUUUUU!

Ilikuwa kubwa kuliko ya mazoezini. Kengele ya kanisa ilijibu yenyewe, na wingu lililokuwa juu ya mlima likahamia wilaya nyingine. Don Wilfrido akainua kichwa. Kijiti cha maestra kikabaki hewani, na macho yake yakashuka polepole kwenye shingo yangu, mahali ufunguo ulipokuwa.

Sikufikiri. Nilijaza mapafu, nikapaza sauti bila meno:

"Viva San Baltazar, wageni wetu!"

Sasa, huku kwetu mtu akipiga kelele ya viva, yaani idumu, hakuna anayejiuliza kwa nini. "Viva!" kijiji kizima kikaitika. Mpiga fataki, aliyezoea kufuata kelele, akawasha zote alizokuwa nazo. Anga ikapasuka. San Baltazar, watu wa adabu, wakanguruma: "Viva San Melitón!" Na maestra, ambaye hakuna shetani anayeweza kumpotezea mdundo, akashusha kijiti, walsi ikaendelea pale pale ilipoishia, kana kwamba mambo yote hayo yalipangwa.

Ilipoisha, don Wilfrido akaja moja kwa moja kwetu.

"Baba yangu hakuandika mlio ule."

Maestra alipitisha kidole kwenye karatasi ya Nabor, akakiangalia kilivyopauka.

"Hakuandika, don Wilfrido," nikasema. "Ule ni hodi. Kwetu mgeni wa heshima akifika, tromboni humpigia hodi, kijiji kinaitika. Tusingethubutu kumpokea mwana wa don Crisóforo kimya kimya."

Nyuma ya don Wilfrido wanabendi wake walikuwa bado wanacheka na kupiga viva.

"Baba alipenda kelele," akasema. "Mwakani mkija kwetu, nasi tutawapigia hodi hivyo hivyo. Nani atatuchapia nakala za walsi zenye hodi hiyo?"

Watu wote wakanigeukia. Maestra akanyoosha mkono, akaushika ufunguo shingoni mwangu, nami nikafumba macho nikingoja kamba ikatike. Badala yake nikasikia baridi ya chuma kifuani: alikuwa ameuchomeka ndani ya shati langu, akaupigapiga.

"Mtunza karatasi wetu ni huyu," akamjibu don Wilfrido. Kisha akanisogelea sikioni. "Kioo cha skana. Kabla ya kila ukurasa. Kwa kitambaa."

"Ndiyo, maestra."

Mezani waliniketisha na bendi, mole ikapita, tortiya za moto, mikate yetu ya mahindi, zikapita, meskali, pombe yetu kali, ikapita mara nyingi zaidi. Mke wa Nabor alikuja kutoka upande wa wanawake, akasimama nyuma ya mumewe, akamwekea mkono begani mbele ya watu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nabor akawa mwekundu mpaka shingoni. Alipopata sauti, aliniinamia.

"Kompadre. Kwenye hizo nakala za San Baltazar, nota yangu iandike kubwa."