Fungu la Nje ya Msimu

Walipogawana mali ya baba yao, nyumba ilikwenda kwa kaka mkubwa, kiwanja cha mbele kikaenda kwa kaka mdogo, na miembe mitano ya uani ikawa ya wote wawili, wagawane matunda nusu kwa nusu. Kikao kilikuwa kinakaribia kufungwa. Ndipo baba mkubwa, fundi cherehani mstaafu aliyesimamia mgawo kwa sababu hapakuwa na mwingine mwenye umri wa kutosha, alipovua miwani, akamtazama binti aliyekaa karibu na mlango, akauliza, "Na huyu je?"

Huyu alikuwa dobi. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni ya mtaa wa pili, akiyachemshia uani kwenye pipa lililokatwa, na kwa ajili hiyo watu walimwita Povu. Mgeni akilisikia jina hilo alidhani ni mwanamke wa maneno mengi, halafu akikutana naye alishangaa, maana Povu aliweza kukaa kwenye kikao kutwa nzima asiseme zaidi ya shikamoo na asante. Ndoa yake ilipovunjika alirudi nyumbani akapewa stoo ya nyuma alale kwa muda tu, na muda huo ulikuwa umeshaota mvi.

"Apewe ya nje ya msimu," alisema kaka mkubwa.

Watu walicheka. Maembe ya nje ya msimu kwenye miembe ile yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, tena juu kabisa, na mara nyingi popo walishayaonja kwanza. Kaka mdogo, ambaye mtaani alijulikana kama Bwana Ndio kwa kuwa hakuwahi kumkatalia mtu neno, akasema ndio. Baba mkubwa alirudisha miwani na kutamka mbele ya wote kwamba ya msimu ni ya wana wa kiume, ya nje ya msimu ni ya binti, na asije mtu baadaye akageuza. Povu alisema asante. Wengine walidhani anawakejeli, lakini hakuwa na kejeli. Tangu arudi alikuwa akiazima kila kitu pale nyumbani, hata mwiko. Hiki kilikuwa chake.

Alikuwa na sababu ya kutaka kitu chake. Binti yake wa miaka sita alibaki kwa bibi mzaa baba, na bibi huyo hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Povu waziwazi kwamba siku atakayokuwa na chumba chenye dirisha na mlango unaofungwa, aje amchukue mwanawe kwa moyo mweupe. Lakini mjukuu wake hatalala stoo, katikati ya magunia na mende. Povu alikubali, maana mende walikuwepo, tena wakubwa.

Mwembe ulio karibu na mlango wa jikoni ndio uliomfungua macho. Chini yake ndipo alipokuwa akichemsha mashuka, na mwaka ule mvua zilimwachia kuni mbichi zilizotoa moshi kuliko moto. Alifua akikohoa, macho mekundu kama ya mlevi. Mvua zilipokatika aliinua uso akaona matawi yaliyo juu ya pipa, yaliyofukizwa moshi, yamefunikwa maua, wakati upande wa pili ni majani matupu, kama mtu aliyenyolewa nusu kichwa kinyozi akakimbia. Alisimama hapo na shuka mkononi mpaka likamkaukia.

Hakumuuliza mtu. Aliona haya, na pia aliogopa kuchekwa. Mwaka uliofuata, wakati miti mingine ya mtaa imelala, alikwenda kuomba maranda kwa seremala, akayalowesha, akachanganya na majani mabichi, akawasha vimoto vidogo chini ya miembe yote mitano. Hakuruhusu ulimi wa moto utokeze. Ukitokeza aliunyunyizia maji kwa mkono. Asubuhi hadi jioni alifua huku na kukimbilia vimoto vyake kule, wiki baada ya wiki. Wifi yake, mke wa kaka mkubwa, alimtania kutoka dirishani.

"Wifi, hiyo miti unaibanika? Ikiiva niitie nije na chumvi."

Povu alitabasamu, akaendelea.

Miezi ya baridi ilipofika, watu walikuwa wakisimama njiani kutazama. Miembe mitano ilikuwa imeinama kwa uzito. Muuza juisi wa kituo cha basi alikuja na mkokoteni siku ya kwanza, siku ya pili akaja na mikokoteni miwili na shemeji yake. Kaka mkubwa alimpongeza dada yake kwa sauti, akasema bahati ya mtoto wa mwisho ndiyo hiyo. Povu alinunua matofali. Nyuma ya stoo alimweka fundi, na kuta zikapanda, zikapita mahali pa dirisha, zikafika juu ya mlango, hapo pesa ikakata. Siku moja alimleta binti yake aone. Mtoto aliingia kwenye kile chumba kisicho na paa, akazunguka, akalala chali sakafuni kwenye kona moja, akasema kitanda kikae hapa. Vilibaki paa na mlango. Mavuno mengine kama yale yangemaliza kazi.

Kisha msimu wenyewe ukafika, wa joto, na kila ua mtaani ukanuka maembe isipokuwa ua wao. Miembe ilikuwa imechoka. Ilitoa majani na vitunda vichache vilivyodondoka kabla ya kukomaa. Kaka mkubwa alikuwa fundi wa matairi, karakana yake ilikuwa pale pale getini, na kila mwaka alizoea kuuza maembe ya msimu yakiwa bado mtini kwa mchuuzi mmoja mwenye pikapu. Mchuuzi alikuja, akatazama juu, akamtazama kaka mkubwa, akawasha gari. Povu alipowasha tena vimoto vyake, kaka alikuwa akipita na kuvitazama. Alingoja. Aliacha maua yatoke, matunda yashike, yakue, yaanze kugeuka rangi. Hapo ndipo alipomwita baba mkubwa.

Walikaa sebuleni kama mwanzo, Povu karibu na mlango. Kaka mkubwa alieleza kwa upole mwingi kwamba hana ugomvi na mdogo wake, ila amedhulumiwa. Alipewa msimu, na msimu umeibwa. Huyu ameubeba msimu wa wenzake na kuuhamishia upande wake kama mtu anayehamisha mpaka wa shamba usiku. Yeye na Bwana Ndio wamebaki kula majani kama mbuzi. Bwana Ndio akasema ndio.

Baba mkubwa alikuwa akikaa siku hizo kwa kaka mkubwa, chumba cha mbele, na chai ilikuwa imewekwa mbele yake.

"Msimu ni wakati mti unapozaa," alisema. "Mimi sijui msimu mwingine. Mti umezaa sasa, basi huu ndio msimu, na ya msimu ni ya wana wa kiume. Sijageuza neno langu."

Povu alijikaza kisabuni. Sauti yake ilitoka ndogo hata ikabidi wainame kusikia. "Baba mkubwa, basi ikizaa wakati wa joto, hayo ndiyo yatakuwa ya nje ya msimu? Yatakuwa yangu?"

"Ikizaa wakati wa joto, huo ndio utakuwa msimu."

"Sasa yangu ni yapi?"

"Usinichezee, mwanangu," alisema baba mkubwa, bila hasira, akavuta kikombe. "Ndugu zako hawatakutupa."

Hawakumtupa. Pikapu ya mchuuzi ilipoondoka imejaa, wifi alimletea ndoo ya maembe yaliyopasuka wakati wa kuangua.

Baadaye, wakati wa kuwasha moshi ulipokaribia, wifi huyo huyo alikuja na maneno ya asali. Alimvisha kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho: kwamba mikono yake ina baraka, kwamba bila yeye ua ule ungekuwa jangwa, kwamba kaka yake anamsifu hadi kwa wateja. Povu alisuuza shuka, akalikamua, akalianika. Kisha akasema hatawasha. Wifi alidhani hakusikia vizuri. Alirudia swali, akapata jibu lile lile, akaenda kulipeleka getini kama mtu aliyebeba yai bichi.

Kaka mkubwa alicheka. Moshi ni moshi, alisema, hakuna aliyesomea. Na kama ni kitu cha kutoa moshi, hakuna mtu mjini mwenye nacho kama yeye.

Aliviringisha matairi mabovu kutoka karakana, akapanga mawili mawili chini ya kila mwembe, akamimina mafuta ya taa. Povu alikuwa ameinamia beseni, mashuka ya nyumba ya wageni yamejaa kwenye kamba, meupe. Alinusa kabla ya kuona. Alipogeuka, moshi mweusi mzito ulikuwa umeshapanda, na ndani yake ndimi za moto zimesimama urefu wa mtu, zikilamba matawi. Majani yalijikunja. Masizi yakaanza kushuka juu ya kamba, laini, kama manyoya.

Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu saa nne. Maji yaliyokuwepo uani ni yale aliyopanga foleni kuyachota alfajiri, nusu pipa na ndoo zake za kusuuzia.

"Povu! Leta maji!"

Alikuwa akianua mashuka mawili mawili na kuyatupa ndani ya pipa. Hakuacha.

"Husikii? Miti ya baba inaungua!" Kaka mkubwa alikuwa akipiga moto kwa gunia, uso umepakaa weusi. "Mdogo wangu, leta hayo maji."

"Haya ni ya mashuka."

"Unafua na miti ya baba inateketea?"

"Ni yenu, kaka," alisema Povu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyehitaji kuinama ili amsikie. "Ya msimu na ya nje ya msimu."

Majirani walikuja na koleo na mchanga. Bwana Ndio alikimbia huku na huku akimuitikia kila aliyemwamuru. Walipomaliza, miembe miwili ilikuwa imebaki vigingi, na mitatu imebabuka upande mmoja. Kaka mkubwa aliketi kwenye tofali akamtazama dada yake, na tangu siku hiyo aliwaambia watu kwamba ana jicho baya.

Povu alifua mpaka vidole vikachubuka. Mashuka hayakurudi kuwa meupe. Weusi ulitoka, ikabaki rangi ya kijivu, na harufu ya mpira ikagoma kabisa. Msimamizi wa nyumba ya wageni alilinusa moja, akalikunja taratibu. Alikuwa mtu mstaarabu. Alimwambia pole, akamwambia pia kwamba kuanzia wiki ijayo watatafuta dobi mwingine.

Kutoka hapo hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi wa mtoto, mikono mitupu. Binti yake alimwona kutoka mbali, akakimbilia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Nguo zake zilikuwa humo, na kandambili, na kitana.

"Paa limefika?" aliuliza mtoto.

"Bado."

"Maembe hayajaiva?"

Povu alimtazama bibi aliyekuwa amesimama mlangoni. Bibi aliyasoma yote usoni mwake, akainamisha kichwa.

"Yaliiva," alisema Povu.

Mtoto alingoja aendelee, mfuko kifuani. Povu alimshika mkono wakaingia ndani, hadi kwenye chumba cha bibi chenye dirisha. Akaketi kitandani, akafungua fundo, akatoa nguo moja baada ya nyingine, akazikunja zote vizuri, pindo kwa pindo, kama anavyokunja za watu, akazirudisha kabatini.