Kupanda na Kupandisha

Tahir alikuwa amesoma Kigiriki cha kale huko Roma. Vita vilipoingia Kismayo alikuwa kisiwani Koyama, kwa wakwe zake, akitafsiri habari za mabaharia wa zamani. Asubuhi moja watu wenye bunduki wakashuka kisiwani. Yeye, mkewe Mwanahija, mama mkwe wake na majirani na watoto wao wakakimbilia mashua ya shemeji yake, Athman, wakaelekea Kiunga.

Walikuwa wameshaipita Burgao Mwanahija alipoona boti ya mashine ikiwafuata. Watoto wakanyamazishwa. Tahir akawa ananong'ona neno moja, tena na tena.

"Unasema nini?" mkewe akamuuliza.

"Okello. Kitenzi cha Kigiriki. Jana kilinishinda." Aliona afadhali kusema kuliko kuisikiliza ile mashine. "Kikisimama peke yake, ni chombo kupanda mwamba. Kikipewa yambwa, ni nahodha kukipandisha chombo kwa mkono wake. Kwao neno ni lile lile. Sisi lazima tuchague: kimepanda, au kimepandishwa."

"Kwa nini mtu apandishe chombo chake mwenyewe?"

"Akiona baharini kuna mauti."

Mwanahija akatazama pwani. Mbele ya mikoko mawimbi yalikuwa yakivunjika juu ya miamba. Mashua yao iliweza kufika pale. Boti ile, mashine yake ikining'inia chini majini, isingethubutu.

"Kaka, ipandishe."

Athman hakugeuka. "Hii ndiyo riziki yetu. Baba aliiunda kwa mikono yake."

"Najua."

Risasi ya kwanza ikatoboa tanga. Athman akamtazama mama yao, Bi Barke, aliyekuwa amewalalia watoto wa jirani ili awakinge. Akasukuma usukani.

"Shikaneni. Asibaki mchu nyuma, mtu hata mmoja."

Mbao zikapasuka. Maji yaliwafika kifuani. Wakapokezana watoto mpaka mikokoni. Boti ikazunguka nje ya miamba, ikapiga risasi ovyo, kisha ikarudi ilikotoka.

Athman alibaki amesimama majini, kiganja juu ya ubavu wa mashua, hadi Tahir akamrudia.

"Shemeji, twende."

"Wote wazima?"

"Wote."

Wakashika njia ya Ras Kamboni kuelekea Kiunga kwa miguu, Athman amembeba mama yake mgongoni. Bi Barke akampangusa chumvi usoni kwa ncha ya leso. Hapo ndipo Athman alipolia, huku akiendelea kutembea.