Mguu Unaotangulia Kushuka

Shina la kwanza la maua lilipoanguka karibu na miguu yangu nilidhani limeoza. La pili likafuata, kisha la tatu, yote mabichi, yakivuja utomvu mtamu kwenye vumbi, na nyuki wakayashukia. Nikatazama juu. Mume wangu Veasna alikuwa kileleni mwa mvumo wa kisimani, mti mrefu kama mnazi tunaougema utomvu wa sukari, kisu mkononi, akikata kama mtu anayefyeka kichaka.

Mgema hakati hivyo. Hukata ncha tu, kipande chembamba kama ukucha, asubuhi na jioni, ili shina liendelee kudondosha ndani ya mwanzi wa kukingia msimu mzima. Ukilikata lote, mti umenyamaza hadi mwaka ujao. Veasna alifundishwa hayo na baba yake kabla hajaota ndevu. Hapa kwetu Kampong Speu, Kambodia, kuna mgema aliyewahi kukosea hivyo. Alichekwa mpaka akahamia kwa wakwe zake.

"Bong," nilimwita, kama mke wa kwetu amwitavyo mumewe, "unafanya nini huko?"

Akaacha kukata.

Corona ilimkuta mwezi wa Aprili, mwaka ule walipofunga barabara na kila mtu akawa anamwogopa jirani yake. Walimpeleka hospitali Phnom Penh akihema kama samaki aliyetupwa ukingoni, mimi nikabaki getini na nguo zake. Aliporudi amekonda tulimchinjia kuku. Tuliona yameisha. Pumzi ilikuwa imerudi, na kwetu ugonjwa ulikuwa pumzi.

Kilichobaki sikuwa na jina lake. Usingizi ulimkimbia. Alisimama mlangoni na kandambili moja, akisahau alikuwa anatoka au anaingia. Wali uliungua kidogo, akalia, mtu mzima, machozi yakidondokea sahani. Siku za mwisho za msimu alitundika mianzi bila kutia kile kigome cha mti kinachozuia utomvu usichachuke, tukamwaga mavuno ya siku nzima. Nikampeleka tena mjini.

"Picha ya kichwa haina kitu," daktari aliniambia.

"Basi kinachomtesa ni nini?"

"Ugonjwa ule huwaachia wengine ukungu kwenye akili. Mngoje."

Nikauliza nimngoje hadi lini. Akamwita mgonjwa aliyefuata.

Mama mkwe hakungoja. Alisema roho za mwanawe, maana kwetu mtu ana roho nyingi, zimebaki kule hospitalini, zimepotea kwa kuwa hazijui njia ya mjini. Akapanga wali, yai na ndizi ukingoni mwa shamba, akaziita. "Njooni nyumbani, wanangu. Huko kwa watu mtakula nini?" Akamfunga nyuzi za pamba kwenye mkono ili zisitoroke tena. Veasna alikaa nazo mpaka zikawa nyeusi.

Juu ya mti tu ndipo alipotulia. Tukimkataza kupanda, alikaa ameuelekea ukuta mchana kutwa. Kwa hiyo Desemba, msimu ulipofunguka, tukamwacha apande.

Na sasa alikuwa ameukumbatia mvumo, shavu kwenye gome. Jirani yetu Tola akapita na mianzi yake begani.

"Veasna, umehamia huko? Mwambie mkeo akuletee mkeka."

Alicheka peke yake. Kisha akayaona mashina pale chini, akatua mzigo polepole. Alishika ngazi, ule mwanzi mmoja wenye vijiti uliofungwa kwenye mti, akautikisa, akaniangalia. "Haitubebi wawili, shemeji. Nikipanda, nitamwangusha."

"Bong, umekwama?" nilimwuliza.

"Hapana." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Nangoja kukumbuka."

"Kukumbuka nini?"

"Mguu upi unatangulia."

Mimi sijawahi kupanda mvumo. Kwetu wanawake hawapandi. Lakini tangu tuoane nilisimama chini ya miti hii kupokea mianzi, na siku zote hizo nilikuwa nikiangalia mianzi. Nilitafuta kichwani mwangu. Niliuona mgongo wake, skafu yake kiunoni, jasho. Miguu sikuiona.

"Wa kulia," nilisema, kwa sababu ilibidi mtu aseme.

Mguu wa kulia ukaachia, ukapapasa hewa muda mrefu, ukapata kijiti.

"Sasa?"

"Wa kushoto."

"Sasa?"

Tola alikuwa amefungua mikono, kana kwamba angeweza kumdaka. Niliendelea kutaja, kulia, kushoto, na kila mara yule aliyekuwa akishuka miti hii akipiga mbinja alingoja nimpe mguu wake. Alipokanyaga ardhi alikaa palepale kwenye vumbi, katikati ya nyuki.

"Usimwambie mama," aliniambia.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliinama, akaokota kuti kavu kama mtu aliyefuata kuni tu, akarudi kuchochea moto chini ya sufuria ya sukari guru.

Jioni Veasna alikaa kwenye ngazi za nyumba akinoa kisu. Alininyooshea kibuyu cha maji bila kunitazama, nami nikachuchumaa kando yake.

"Kesho naanza na ule wa kisimani," alisema. "Mwaka huu ule ndio unatoa kuliko yote."

Nilimtazama usoni nikitafuta utani. Haukuwepo. Alikuwa ametulia, karibu na furaha, akijaribu makali kwa kidole gumba.

"Sawa, bong," nikasema, nikammwagia maji kwenye jiwe la kunolea.