Nyekundu Ziko Nne

Mjukuu wangu alikataliwa chekechea kwa sababu hakusema neno hata moja. Aliulizwa jina, akatazama viatu vyake. Akaulizwa mpira una rangi gani, akatazama viatu vyake. Alipopewa penseli aliishika kwa ncha za vidole, kama kitu alichookotewa jalalani. Mwalimu, mwanamke mwembamba mwenye miwani, akaandika kwenye karatasi yake kisha akaniambia kwa upole uliozidi kipimo, "Bibi, mtoto bado hajawa tayari. Kuna usaili wa mwisho baada ya wiki tatu, na nafasi zimebaki mbili tu. Akishindwa, mlete mwakani."

Mwakani! Binti yangu na mumewe wanafanya kazi mbali, wanalala mabweni ya kiwanda, na huyu mtoto nimemlea mimi tangu hajaota meno. Siku hiyohiyo binti yangu akapiga simu.

"Mama, baba yake amesema akikataliwa tena, anakwenda kuishi kwa shangazi yake. Kule shule iko jirani, midoli ipo, kila kitu kipo."

"Na wewe umemjibu nini mumeo?"

"Ningemjibu nini, mama?"

Nilikata simu kabla sijamfundisha la kujibu.

Mtoto tunamwita Pini, maana mwili wake ni mwembamba na kichwa ni kikubwa. Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha mbele ndicho kiwanda: cherehani mbili, moja nzima na nyingine mgonjwa wa kudumu, meza ya kukatia, na ukutani misumari iliyoning'inizwa rola za nyuzi za kila rangi. Pini amekulia chini ya ile meza. Na hapa niseme ukweli, hata kama unaniuma: neno alilolisikia zaidi kutoka kinywani mwangu ni "nyamaza". Nyamaza, Bibi anapima. Nyamaza, kuna mteja. Nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba mjukuu wangu hana usumbufu, unaweza hata kusahau kama yupo. Ndivyo nilivyofanya, nilimsahau. Halafu nikashangaa kwa nini hasemi.

Shangazi yake alikuja kesho yake na mdoli mkubwa wa plastiki unaoimba. Yeye ana duka la vioo, ana nyumba ya vyumba vitatu na hana mtoto, na nisimsingizie, anampenda Pini. Mdoli uliimba kwa lugha ambayo si Pini wala mimi tunaijua. Siku ya tatu betri zikaisha, ukabaki kututolea macho pale kabatini.

Aliyenizindua ni nesi wa kliniki ya watoto, mteja wangu wa siku nyingi, mtu asiyejua kuzungukazunguka. Alikuja kupunguziwa sare kiunoni. Nilimweleza yaliyonifika na nikamwuliza ninunue nini.

"Usinunue kitu, mama. Vifungo unavyo?"

"Vimejaa kopo."

"Chaki unayo? Mdomo unao?"

"Mdomo ninao."

"Huo naujua. Basi ongea naye. Unachofanya, mwambie. Mwulize kitu, halafu subiri, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Nyinyi wazee mkiuliza swali mnajijibu wenyewe."

"Wazee wako kwenu," nikamwambia, lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Kesho yake nikafunga kibwebwe. Nilimwaga kopo la vifungo juu ya mkeka, nikaweka trei tupu ya mayai, nikamwambia Pini kila kifungo akitafutie nyumba na ndugu zake. Nikauliza, "Hiki kinakaa wapi?" Nikahesabu mpaka kumi. Pini akakiweka penye weusi, mahali pake hasa, mdomo umefungwa. Nikauliza tena, nikahesabu tena. Jamani, kuhesabu mpaka kumi ni kazi! Mimi ni mtu wa kumalizia watu sentensi zao. Siku tatu nilihesabu hivyo, na siku tatu nilipata kimya. Kazi zikalala. Mteja mmoja alichukua suruali zake zikiwa hazijapindwa akaondoka ananuna, nikamwacha anune.

Siku ya nne nilikuwa nashona huku natupia vifungo kwenye trei kwa mkono mmoja, macho yangu yako kwenye mshono. Mkono mdogo ukakitoa kimoja nilichokiweka.

"Si ndugu yao," akasema.

Almanusura nijishone kidole. Kilikuwa cheupe kati ya weupe. Nikauliza, "Kwa nini si ndugu yao?" Safari hii sikuhitaji kuhesabu, nilikuwa nimeishiwa pumzi tu.

"Kina matundu mawili. Hivi vina manne."

Nililia pale pale juu ya gauni la mtu, na Pini akaniletea kitambaa chakavu nijifute.

Ukawa ndio mchezo wetu: nani si ndugu. Viatu mlangoni, vijiko kwenye sufuria, majani ya uani, maharage yaliyochanganyika na kunde. Pini akinikamata nimekosea, anacheka mpaka anakaa chini, nami nikaanza kukosea kwa makusudi. Vibanio vya nguo tulivibana kuzunguka mdomo wa ndoo, maana nesi alisema vidole vinavyobana ndivyo vitakavyoshika penseli. Rola tupu tukazitunga kwenye kamba ya kiatu zikawa treni. Vipande vya kitambaa nikavitia kwenye mfuko, Pini anafumba macho, anaingiza mkono, anapapasa na kutaja: laini, kinakwaruza, baridi. Kwa chaki ya fundi tulichora masanduku sakafuni tukayaruka, na goti langu likanikumbusha umri kwa siku mbili. Alipima kila kitu kwa utepe wangu. Alipima mlango, akapima paka mpaka paka akahama nyumba, akampima na dereva wa lori aliyekuja kuchukua shati. Alipofika tumboni akatangaza, "Utepe umeisha!" Dereva mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Na zile nyuzi. Nyuzi zangu nazijua kwa namba, kama mafundi wengi. Chini ya kila rola kuna kibandiko chenye namba ya rangi, na ukienda dukani unataja namba, unapewa uleule. Nikawa namtuma Pini: niletee hamsini na mbili. Mwanzo nilimwonyesha, tano ni hii yenye tumbo, mbili ni hii yenye shingo kama bata. Baada ya siku chache ananiletea mwenyewe. Akisema, "Bibi, ule mwekundu?" namkatiza hapo hapo. "Usiseme mwekundu. Nyekundu ziko nne, utaniharibia nguo ya mtu. Taja namba." Nilikuwa naona namfunza ufundi. Sikuona ninakompeleka.

Wiki ya tatu ikaisha. Asubuhi ya usaili nilimvalisha Pini gauni jipya nililomshonea, lenye mifuko miwili mikubwa, maana siku hizi hatembei bila mali zake. Shangazi yake akatukuta mlangoni. Alikuwa na sanduku dogo la magurudumu, jipya, la saizi ya mtoto.

"Nimekuja kuwasindikiza tu, mama," alisema.

Sanduku lilisema mengine.

Shuleni walitukalisha kwenye benchi kando ya mlango wa darasa, ulioachwa wazi. Mwalimu akatukazia macho. "Mtamwona na mtamsikia. Lakini mkubwa akitamka neno moja, usaili umekwisha." Mimi nikiona jambo linapinda, mdomo unanitangulia, na ninajijua. Nikatoa utepe wangu kwenye mkoba, nikaukunja, nikautia katikati ya meno.

"Unaitwa nani?" mwalimu akauliza.

Pini akatazama viatu vyake. Moja, nikahesabu. Mbili. Tatu. Nilimwomba Mungu mwalimu naye awe anahesabu. Nilipofika nane, Pini akainua uso, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti ya mtu anayeita wateja sokoni. Shangazi akageuka kunitazama. Nikauma utepe.

Alipewa penseli, akaishika sawasawa. Akachora duara, na ndani yake akatia matundu manne. Mwalimu akatoa kadi yenye mpira.

"Mpira huu una rangi gani?"

"Hamsini na mbili."

"Sijauliza hesabu, mwanangu. Nimeuliza rangi. Na hili jani?"

"Mia na kumi na nne," akasema Pini bila wasiwasi wowote.

Mjinga mimi! Siku zote hizi namkataza mtoto kutaja rangi kwa jina lake. Nilikuwa nimemfunza kwa mikono yangu miwili namna ya kukataliwa. Nilimwona mwalimu anainua kalamu, ileile ya siku ile. Mkono wa shangazi ukagusa mpini wa sanduku, nadhani hakujua kama umegusa. Nilitaka kusimama niseme, mwalimu, kosa ni langu, mwandike bibi. Niliuma utepe mpaka nikasikia ladha yake, ladha ya chaki na jasho la viuno vya watu, nikakaa.

"Mpira huu si mwekundu?" mwalimu akauliza, ncha ya kalamu ikiwa juu ya karatasi.

Pini akamtazama kwa ile huruma ya fundi anayemsikiliza mteja asiyejua anachotaka.

"Nyekundu ziko nne," akasema. "Hii ni hamsini na mbili. Ukisema nyekundu tu, utaharibu nguo ya mtu."

Akaingiza mkono mfukoni mwa gauni. Kikatoka kibanio, likatoka harage, kisha ikatoka rola ya uzi, ambayo, naapa, nilikuwa nimeitafuta asubuhi nzima. Akaiweka juu ya kadi, ubavuni mwa mpira. Ilikuwa rangi ileile, huwezi kuona pa kutofautisha. Kisha akaipindua. "Imeandikwa huku chini. Tano. Mbili."

Mwalimu aliisogeza rola karibu na uso. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa, akasoma tena. Hakuandika kitu. Akatoa kadi nyingine, vikombe vitatu na kiatu.

"Kipi hapa si—"

"Kiatu si ndugu yao," Pini akamjibu, hata hakukitazama sana. Macho yake yalikuwa yamehamia kwenye blauzi. "Mwalimu, na wewe unacho kimoja si ndugu."

"Wapi?"

"Cha pili kutoka juu. Kina matundu mawili, wenzake wana manne." Akafikiri kidogo. "Ndugu yake tunaye nyumbani. Yuko kwenye trei."

Mwalimu akashika kifua chake kama amekutwa hajavaa. "Nilidhani hakionekani," akasema, na akacheka, akacheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akachungulia.

Alipomaliza kucheka aliinama wakawa sawa kwa urefu. "Nani amekufundisha haya yote?"

Nitakuwa mwongo nikisema sikutega sikio. Nilikuwa nimengoja neno hilo wiki tatu, na magoti yangu yamengoja nami.

Pini akawaza. Akatazama viatu vyake, nami nikahesabu mpaka sita.

"Hakuna," akasema. "Nacheza tu na Bibi."

Mwalimu akaandika mstari mmoja mrefu kwenye karatasi yake, akapiga mhuri. "Aanze Jumatatu," akasema. Kisha akageukia benchi letu. "Na wewe Bibi, sasa unaweza kutoa huo utepe mdomoni."

Niliutoa, na sikuwa na neno hata moja. Mimi!

Tulirudi watatu mpaka njia panda, sanduku likiburuzika nyuma yetu. Pini aliongea njia nzima, kuhusu kadi, kuhusu kifungo, kuhusu mwalimu wa darasa la pili na meno yake. Pale njia panda shangazi akasimama. Macho yake yalikuwa yamejaa, na sikufurahi kuyaona. Nilikuja na maneno yangu ya kumwambia siku hiyo, makali, yamenolewa vizuri. Yote yakanitoka.

"Mimi nilijua tu kununua, mama," akasema.

"Na mimi nilijua tu kumnyamazisha," nikamwambia. "Njoo Jumamosi. Huo mkeka unatosha watatu. Uje bila kitu."

Akaitikia kwa kichwa, akambusu Pini kwenye paji la uso, akashika njia yake. Barabara ile ni ya mawe, na sanduku tupu lilikuwa likiruka kila hatua. Pini alisimama akiliangalia, kidole hewani, akihesabu miruko yake kwa sauti ya juu. Watu wakageuka kututazama. Lile neno la zamani likanifika ulimini, nikalimeza.

"Thelathini na moja," akasema sanduku lilipopotea kwenye kona, kisha akanivuta mkono. "Bibi, husemi?"

"Nasikiliza," nikamwambia. "Endelea."